Mchimbaji wa Chumbani

Nilikuwa ofisini kwa chef wa avenue, mkuu wa barabara yetu hapa Ndosho, nikingoja muhuri, mama mmoja alipoingia akimvuta mpangaji wake kwa shati.

"Chef, huyu mutu atoke mu nyumba yangu! Muke wake alisema iko nachimba mu chumba!"

Mpangaji akatoa mfukoni kidude kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. "Mama, niko nachimba na hii. Ni feza ya mu internet, kompyuta ndiyo inaichimba."

Mama akakichukua, akakigeuza, akakipuliza. "Hakuna shimo?"

"Hakuna, mama."

Akamrudishia, akaachia shati. "Basi ubakie. Lakini choo yetu ilijaa. Kwanza uchimbe ingine."

Hapa kwetu tunaishi juu ya mawe ya volkano, na wa kuyachimba ni wachache. Mchimbaji hafukuzwi ovyo. Mpangaji alitoka akiuliza sururu inaazimwa wapi.