Kiongozi Aliyekaa Karibu na Mlango

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nilisimama mbele ya wakristo wa mtaa wetu nikasema neno la kijinga, tena kwa sauti kubwa, na watu wakanipigia makofi. Makofi hayo bado yananichoma.

Unanijua. Mimi nilifika darasa la tatu tu. Kile nilicho nacho nilikipata kwa miguu yangu, nikisukuma kinga, baiskeli ile ya zamani, na vikapu vya samaki kutoka Kabondo-Dianda mpaka hapa Kamina, katika njia ambayo hata mbuzi anaikataa. Hakuna aliyenisaidia. Basi nilipofika miaka thelathini, nilijiona naweza kupima mtu yeyote kwa macho.

Shirika letu la mtaa lilikuwa kama mashirika yalivyo mpaka leo: familia za barabara moja, zinakutana kila Alhamisi kusoma Injili, zinatembelea wagonjwa, zinakaa kwenye kilio. Kiongozi alikuwa Baba Kisimba, mkulima, mtu wa maneno machache. Alikuwa anakaa nyuma, karibu na mlango. Injili alikuwa anampa mtu mwingine kila wiki, hata mimi niliyekuwa nasoma kwa kutafuna maneno kama mihogo migumu. Mgonjwa akiwepo, atamtuma huyu aongoze sala, yule aongoze wimbo. Hata Mama Bernadette, mke wa askari wa kambini, aliyekuja na Lingala yake na Swahili ya kuvunjika, aliwekwa mbele ya watu aimbishe. Sisi vijana tuliona haya. Mashirika mengine yalikuwa na wasemaji, sisi tulikuwa na kigugumizi.

Mwaka mmoja Baba Kisimba akaenda Kabongo kumuuguza dada yake, akakaa huko miezi mitatu. Shirika likaendelea. Aliporudi, Padri akatuomba tuseme kama aendelee kuongoza. Ndiyo siku ile niliposimama.

"Bantu ba Mungu," nikasema, "miezi tatu hakukuwa, na hakuna kitu kiliharibika. Sasa kazi yake ni nini?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Baba Kisimba mwenyewe akatabasamu, nami nikafikiri anaona haya.

Tukamchagua Baba Kalenga. Ah, Kalenga! Sauti yake ilikuwa inafika barabara ya pili. Alisoma yeye, akahubiri yeye, akaimbisha yeye. Watu wa mitaa mingine walikuja kumsikiliza, viti vikapungua. Daftari la wagonjwa alilishika yeye, na funguo ya sanduku la msalaba na vitabu vya nyimbo ilikaa mfukoni mwake. Akisafiri, hatukutani. Na mimi, badala ya kuogopa, nilikuwa najisifu kwa watu: "Unaona? Kalenga hayuko, hata mudomo tunashindwa kufungua. Huyu njo kiongozi!"

Hivyo nilivyopima, mwanangu.

Miaka miwili ikapita. Kalenga akapanda treni kwenda Lubumbashi kwenye ndoa ya mtoto wake, na wiki ile ile mama yangu akaanguka. Homa, tumbo, hawezi kukaa. Muuguzi alimpa dawa akasema tungoje. Siku ya kwanza mama hakuuliza. Siku ya pili aliangalia mlango. Siku ya tatu akaniambia: "Ba-shirika beko wapi? Miye nilienda kwa kila mugonjwa wa hii barabara. Nitakufa kama mugeni?"

Nikatoka mbio. Nyumba ya kwanza: "Tungojee Baba Kalenga." Ya pili: "Daftari iko naye." Ya tatu, mwanaume mzima aliyewahi kuongoza sala za kilio tano, akaniambia amesahau namna ya kuanza. Hawakuwa watu wabaya. Miaka miwili ya kukaa kimya ilikuwa imewafunga.

Nikaenda kwa Baba Kisimba. Nilimkuta anapukucha mahindi uani. Nikapiga magoti, mimi mwenye kiburi hiki unachokijua.

"Baba, njoo uongoze sala kwa mama."

"Nitakuja," akasema, mikono haisimami. "Kuongoza, hapana. Utaongoza weye."

"Ninasomaka mubaya, Baba, unajua."

"Ninajua sana. Na mama yako alikuwa anakaa mbele, anacheka, anafurahi. Uliulizaka kazi yangu ilikuwa nini. Nilikuwa ninakufundisha weye, mutoto wa kichwa nguvu. Kamata Injili. Pita kwa Mama Bernadette, umwambie aanzishe wimbo."

Mwanangu, niliinuka nikakamata Injili, nikapita kwa Mama Bernadette.

Nilisoma. Nilitafuna kila neno. Mama akafungua jicho moja: "Bado tu unasoma kama mutu anavuka mutoni?" Mama Bernadette akaangua kicheko, kisha akaanza kuimba, na majirani waliotusikia wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakiwemo wale watatu. Kesho yake yule aliyesahau namna ya kuanza alikuja bila kuitwa, akaanza mwenyewe. Baba Kisimba alikaa karibu na mlango.

Mama alipona, akaishi miaka mingine minne akinichokoza. Kalenga aliporudi alinuna kwanza. Lakini hakuwa mtu mdogo: Alhamisi iliyofuata aliweka funguo mezani, akampa Injili msichana wa jirani, akakaa chini kumsikiliza. Mdomo ulimwasha, tuliona, lakini alinyamaza. Leo barabara ile imezaa mashirika mawili mengine, na wanaoyaongoza walijifunza kwa kugugumia mbele yetu.

Sasa wamekuweka wewe kati ya watakaomwambia Padri nani aendelee. Usihesabu viti, wala usidanganywe na sauti. Nenda siku kiongozi hayupo. Tazama kama mgonjwa ametembelewa, kama walionuniana wanapatana bila kumngoja. Uliza nani alikuwa anaogopa kuomba mbele ya watu na sasa anaomba. Ukiona kila kitu kimesimama kwa sababu mtu mmoja amesafiri, usimsifu kama nilivyofanya mimi. Mwambie kwa upole, maana anaweza kugeuka, nilimwona aliyegeuka. Na wakikuchagua wewe, chukua kiti cha nyuma mapema.

Vidye, Mungu wa wazee wetu, akupe masikio ya kumvumilia anayesoma vibaya, akupe watoto watakaokupita, na siku ya ugonjwa wako nyumba yako ijae watu. Amina, mwanangu.