Watu Ishirini na Wawili wa Kupasha Nyumba

Mimi ni mtu wa Makete. Nalisema mapema kwa sababu ndilo lililoniponza. Makete asubuhi unakuta umande umeganda kwenye majani, na aliyekulia kule hujiona amehitimu somo la baridi. Kwa hiyo bili ya umeme ya Januari ilipofika hapa kwetu Silver Spring, Marekani, mke wangu Vumilia akaisoma, akatafuta kiti, akakaa. Mimi nikatanua kifua: "Zima hita. Baridi naijua mimi."

Jamani, siijui. Baridi ya Makete inakuja asubuhi, inakusalimia, jua likitoka inakwenda zake. Ya huku inahamia.

Lakini nilikuwa na sababu, nisije nikaonekana bahili wa kuzaliwa. Mama yangu ana miaka themanini na mmoja, na nilikuwa sijamwona kwa miaka tisa. Kila akinipigia simu anauliza, "Isack, unakuja lini?" Nami namjibu, "Baridi ikiisha, mama." Si uongo. Kila mwaka naweka akiba ya tiketi ya Juni, na kila mwaka ikifika Februari bili za umeme zimeshailamba yote. Kwetu tulizoea LUKU: unanunua umeme wako, unauona unavyopungua, ukikaribia kwisha unazima taa unalala. Huku unatumia kwanza kama mfalme, halafu mwisho wa mwezi unaletewa karatasi. Safari hii nikaapa kwamba Juni nitakanyaga Makete, hata kama itabidi nilale na buti.

Nikaenda dukani, nikanunua kisanduku cha plastiki ang'avu chenye kufuli, nikafunika nacho kile kidude cha ukutani cha kupandishia joto. Ufunguo nikauvaa shingoni. Vumilia anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, kunakotunzwa joto kama Dar mwezi wa pili. Akirudi jioni anabaki na koti mpaka kitandani.

"Baba watoto ungekuwa na watoto, wangeshakimbia," akaniambia siku moja.

Mimi kazini sipati shida. Nakaa kwenye kibanda cha maegesho ya magari kule Arlington, na kibandani kuna kihita kidogo ambacho bili yake analipa tajiri. Majira hayo niliomba zamu za ziada mpaka msimamizi akanisifu kwa moyo wa kazi.

Sasa, jumuiya. Sisi Waswahili wa hapa tuna jumuiya ya sala, tunazunguka nyumba kwa nyumba kila Jumamosi mchana. Mimi ndiye mweka hazina, yaani yule mtu anayekupigia simu ukichelewesha mchango. Mwishoni mwa Januari zamu ikawa yangu. Wakaja ishirini na wawili na watoto wao, wakajibana kwenye sebule yangu, wakaimba. Kufika wimbo wa tatu madirisha yanatoka jasho. Mama Adela, mwenyekiti wetu, akavua koti. Nikachungulia kile kidude ukutani: joto limepanda, na hita haijakohoa hata mara moja! Walipoondoka, vuguvugu lao likabaki mpaka Jumapili asubuhi.

Nikafanya hesabu ya kishetani. Huwa tukifika kwenye matangazo, Mama Adela akiuliza nani atatupokea wiki ijayo, kila mtu anaanza kukagua viatu vyake. Nikanyoosha mkono. Wiki iliyofuata nikanyoosha tena. Na tena. Cheruiyot, Mkenya mmoja mkubwa wa mwili, akanishika bega: "Bwana Isack, wewe uko na roho safi sana." Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nisingeweza kumwambia kwamba yeye ana joto la watu watatu, na kwamba kila wiki nilikuwa namkalisha makusudi karibu na ukuta wa chumba changu cha kulala.

Vumilia ndiye pekee aliyenishtukia. "Maandazi ya watu ishirini na wawili yanapikwa kwa kitu gani, Isack? Si kwa umeme huo huo?" Nikanuna mpaka Jumatatu. Ukweli ukisemwa na mke wako unakera mara mbili.

Mtu mwingine aliyenikera ni mmoja nitakayempa jina la Ezekiel. Si jina lake, na mbele mtaelewa kwa nini. Ezekiel alikuwa anafika na mke wake na watoto wawili saa nzima kabla ya wenzake, na anaondoka wa mwisho kabisa, watoto wameshalala kwenye zulia. Huyu mtu hana kwake? Halafu kila wiki anang'ang'ania kuosha vyombo. Anafungulia maji ya moto, yanamwagika tu, shaa! Maji ya moto nayo si umeme? Ukichanganya na kwamba alikuwa mlinzi kule Sterling, kwenye yale majengo yaliyojaa kompyuta, ambayo watu wanasema ndiyo yanayotupandishia bili, mimi nilikuwa namtazama kama mtu anayenitafunia tiketi yangu kidogo kidogo.

Jumamosi ya sita nilikuwa nimevaa lile sweta jekundu alilonifumia mama, juu yake koti. Tukasali, tukaimba, Ezekiel akakusanya vikombe akaenda jikoni. Mama Adela akasimama.

"Wapendwa," akasema, "ndugu yetu mmoja ni mtu wa aibu sana. Wiki sita anatuita kwake, na sisi kwa ugumu wa mioyo yetu hatukuelewa anaomba nini."

Nikageuka nyuma kumtafuta huyo ndugu.

"Tunakuta nyumba imepoa kama jokofu. Sweta ni lile lile wiki sita. Hata kidude cha joto amekifunga kufuli, asije akasahau akakiwasha. Kaka Isack, kazi ikimtoka mtu si dhambi." Akatoa bahasha nene. Kama ilivyo kawaida yetu akasoma majina ya waliochanga: Cheruiyot mia moja, nani hamsini, nani thelathini. Ezekiel, ishirini. Akina mama wawili wakajifuta machozi. Vumilia alikuwa anatazama dari.

Loo! Uso ulinishuka mpaka kifuani. Mimi, mweka hazina! Mimi ninayewafukuzia watu michango, leo nachangiwa kama mfiwa! Damu ikachemka. Nilitaka kupiga kelele kwamba kazi ninayo na shida sina, ila nikikana itabidi niseme kwa nini nyumba ina baridi na wao walikuwa wanaitiwa nini. Nikasema, "Naomba dakika moja," nikakimbilia jikoni.

Nikamkuta Ezekiel amesimama mbele ya sinki. Vikombe vyote vimeshaoshwa, vimepangwa. Mikono yake miwili ilikuwa ndani ya maji ya moto, na hakuwa anaosha kitu.

Aliponiona akashtuka, akafunga bomba. "Samahani kaka. Nilikuwa napasha mikono kidogo kabla hatujaondoka."

"Kwani kwako huna maji ya moto?" Nilisema kwa ukali, nakiri.

Akanitazama kwa mshangao. "Kaka, si unajua? Gesi ya kupashia nyumba na maji wameikata tangu Oktoba, waliponipunguzia saa za kazi. Watoto wanalala na makoti." Akapunguza sauti. "Sijamwambia mtu. Wiki ya pili uliponyoosha mkono, nikamwambia mke wangu, Kaka Isack amejua hali yetu, anatustiri asitutangaze. Watoto kuanzia Jumatatu wanauliza Jumamosi lini. Sina zaidi ya ile ishirini, lakini niliposikia na wewe umekwama, ningekaaje bila kutoa?"

Niliwahi kutukanwa maishani, na nilistahili. Ila hakuna tusi lililowahi kuniumiza kama zile shukrani. Nikashika meza. Nilimwonea aibu yule mtu na mikono yake inayotoa mvuke.

Nikarudi sebuleni. Nikasimama mbele ya watu, nikapokea bahasha kwa mikono miwili, nikasema, "Asanteni. Nilikuwa na shida, nikaona aibu kusema." Wakapiga vigelegele. Cheruiyot akanikumbatia nikapotea ndani ya koti lake.

Walipotawanyika nikamfuata Ezekiel kwenye gari, nikamtupia bahasha mapajani. Akakataa. Nikamfokea, maana kufoka ndicho ninachojua: "Usinichoshe! Mimi nimeshaaibika mbele ya watu wote hawa, unataka niaibike bure?" Akaniambia kiasi anachodaiwa. Bahasha haikufika hata nusu. Kilichobaki nikakichota kwenye akiba ya Juni, na Vumilia alipoona nimefungua akaunti ile akaja akasimama mbele yangu. Alinyoosha tu mkono, nikamvulia ufunguo shingoni. Hita ilipowaka alikaa kando yake na chai yake, bila koti.

Tangu siku hiyo mimi ni maskini rasmi wa jumuiya. Nina makoti saba ya mitumba, mengine ya kike. Mama Adela hunipitishia mchele kila mwezi. Cheruiyot amenitafutia kazi mbili, na kila nikimwambia ninayo hunipigapiga mgongoni kwa huruma. Uhazina wamenivua kwa upole, wasinipe majaribu. Ezekiel sasa anafika kwa wakati kama watu wengine, na anaaga mapema, watoto wake wakiwa macho. Hatujawahi kulizungumza tena.

Jumapili iliyofuata baada ya ile bahasha, mama alinipigia, simu ya picha, ameshikiwa na jirani. Nje theluji ilikuwa inaanguka. Mimi nilikuwa na shati la mikono mifupi.

Akasogea karibu, akanikagua. "Leo umevua sweta langu."

"Ndiyo, mama. Nyumba ina joto."

"Basi baridi imeisha," akasema, na uso wake ukafunguka wote. "Unakuja Juni."

Nilimtazama Vumilia, naye akatazama kikombe chake. "Juni haitawezekana, mama. Labda Krismasi."

Nikamwona anatafuta kitu cha kushika, akashika kanga yake.

"Isack," akasema, "mimi nina miaka themanini na mmoja. Hayo ya labda kawaambie vijana wenzako. Mimi nitajie tarehe."

Nikataja tarehe kumi na mbili Desemba. Tiketi sikuwa nayo, wala nauli yake. Akamwambia jirani aiandike ukutani, na nikaisikia chaki inavyokwaruza.