Kama ni ya Kukatika, Ikatikie Uani

Vijana mnaosoma ukurasa huu mkiwa mmeegemea pikipiki zenu pale stendi, leo sina ugomvi na nyinyi. Nimefiwa na jirani yangu. Tumemzika kule Singe, kwenye shamba alilolinunua mwenyewe, ingawa ndugu zake walikuja kutoka kwao wakitaka kumrudisha. Alikwishasema mapema, mbele yao na mbele yangu, kwamba atalala hapa hapa Babati, na yule mama akisema jambo alikuwa hasemi mara mbili. Wengi wenu mlimjua bila kujua jina lake: yule mama mnene wa skuta ndogo ya bluu, mliyekuwa mkimpigia honi na kumwambia, "Mama, kanunue pikipiki kubwa, hiyo ni ya watoto!" Ndiye huyo.

Alikuja mkoa huu ulipokuwa bado mpya, ofisi zikihamia na wageni wakihangaika kutafuta vyumba vya kupanga. Alikuwa karani. Akapata nyumba huku kwetu Nakwa, ua wake na wangu ukitenganishwa na michongoma tu, na kwa kuwa mimi hukaa nje nikipukuchua mahindi au kuchambua maharage, nilimwona vizuri. Sikumpenda haraka. Mwanamke mtu mzima, suruali ndani ya sketi, kila Jumamosi asubuhi anatandika gunia na kupiga magoti mbele ya skuta kama anasali. Anaifuta kwa tambara lenye maji, polepole, kila pembe, kwa sababu mkono ukipita ndipo unaposikia nati iliyolegea. Anachomoa kijiti cha oili, anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena ndipo anakitazama. Anabonyeza matairi. Anafungua chujio la hewa na kulikung'uta, maana vumbi la kwetu mnalijua. Mwisho kabisa anasimama, anashika breki zote mbili na kuzivuta kwa nguvu zake zote, uso umekunjamana, huku akiisukuma skuta kwa kifua. Haiendi popote. Ndipo ananawa.

Siku moja kijana wa jirani alipita akamcheka. "Mama, kwani mafundi wamekwisha mjini?" Akamjibu bila kuinua kichwa: "Wapo wengi, mwanangu. Lakini fundi hatakuwa na mimi kwenye mteremko." Yule kijana akaendelea, "Na hizo breki unavyozivuta, si utazikata?" Hapo ndipo aliponyanyuka, akamtazama. "Kama ni ya kukatika, ikatikie hapa uani, nimesimama." Mimi niliyeishia darasa la tatu nilielewa papo hapo. Kijana alicheka akaenda zake. Tangu siku ile nilianza kumpelekea chai.

Sasa niseme neno ambalo bado linaniuma. Mama huyu aliyekagua skuta kila wiki, mwili wake hakuukagua. Alianza kulalamika mgongo, nikamwambia nenda hospitali. "Nitakwenda, jirani, nimalize kupalilia." Akamaliza kupalilia, ikaja kuvuna. Alipokwenda, ilikuwa ni kupelekwa, akiwa ameshikwa mkono huku na huku. Nilimkasirikia kitandani pake na bado nimemkasirikia kaburini. Skuta ikabaki barazani imefunikwa turubai, mvua zikaja zikaisha, hakuna aliyeigusa.

Siku ya mazishi vijana wa bodaboda walijaa uani. Siwalaumu, walikuja kwa mapenzi. Walitaka skuta ya marehemu iongoze msafara hadi Singe, nao wafuate nyuma wakipiga honi, kama mnavyofanya siku hizi mjini. Wakaiondolea turubai, wakaipeleka kuoshwa kwa mashine ya maji, ikarudi inang'aa kama imetoka dukani. Wakatia petroli, wakabadili betri, ikawaka. Aliyechaguliwa kuiendesha ni mjukuu wangu wa kike, kwa sababu marehemu ndiye aliyemfundisha, na nyuma yake angekaa mjukuu wa marehemu, mtoto mdogo, ameshika msalaba. Nikawaona wanapanda. Nikaenda nikasimama mbele ya tairi.

"Vuta breki," nikasema.

"Bibi, watu wanasubiri. Mchungaji ameshaingia kwenye gari."

"Akae humo, kuna kiti. Mtoto ashuke. Vuta breki."

Bodaboda mmoja akaingilia, "Shikamoo bibi. Hiki chombo kiko poa, sikiliza kinavyounguruma!"

"Marahaba. Kuunguruma nimesikia. Nataka nione kinavyosimama."

Mjukuu wangu akavuta kwa vidole viwili, kwa aibu. Nikamwambia, "Hivyo ndivyo unavyoshika mkono wa mchumba. Vuta kama alivyokuwa anavuta yeye." Akakasirika, na hasira ikamsaidia. Akavuta. Tukasikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinavunjwa, na mkono wa breki ya nyuma ukalegea, ukaning'inia. Kutu ilikuwa imeula waya kwa ndani, mahali ambapo mashine ya maji haifiki. Breki ya mbele ikavutika hadi mwisho bila kushika chochote. Yule bodaboda akazima injini yake, kisha mwingine, kisha wote. Mama wa yule mtoto akaja akambeba, msalaba na yeye pamoja, akaenda naye kwenye gari. Skuta ikarudishwa barazani kwa kusukumwa. Tulichelewa kufika kaburini, na wapo walionung'unika kwamba bibi mmoja ameharibu ratiba. Wanung'unike. Mtoto yupo.

Mji wetu umekua, na mimi nafurahi. Lakini naona tumejifunza kung'arisha kuliko kukagua. Pikipiki ina taa za rangi na redio, tairi lake ni upara. Nyumba ina rangi mpya, ndani watu hawajasemezana. Mtu ana shati la pasi, na maumivu anayaficha mpaka abebwe. Tunaogopa kuvuta kwa nguvu tukiwa nyumbani, tusije tukaona kinachokatika.

Msiba ulipokwisha, binti wa marehemu alimpa mjukuu wangu ile skuta. Akanunua nyaya mpya akazifunga mwenyewe, juu ya gunia lile lile, mimi nikiwa pembeni na maharage yangu. Alipomaliza akataka kutoka nayo mara moja. Nikawaita wote, wakubwa kwa wadogo, na mkwe wangu ambaye mgongo unamsumbua tangu mvua za mwanzo, nikawaambia: "Katika nyumba hii, chombo hakitoki uani kabla breki hazijavutwa mbele ya macho yangu. Na wewe, baba, acha hilo jembe, vaa viatu. Mjukuu wangu anakupeleka hospitali sasa hivi."