Kidonda Kiunoni mwa Mama Mkwe

Siku ya kwanza kumwogesha mama mkwe wangu kwa mikono yangu, nilikuta mtu amemwekea kitambaa kichafu kiunoni, na chini ya kitambaa kuna kidonda.

Nikasema leo nimemkamata mtu.

Jamani, ngoja niwaeleze taratibu. Naandika kwa simu, kwa kidole kimoja, na haya mambo nimekaa nayo zaidi ya miaka hamsini.

Ilikuwa Aprili 1972, Rumonge, Burundi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeolewa majuzi tu kutoka Bujumbura na Feruzi, mfanyabiashara wa mawese. Mama yake, Bi Batuli, alikuwa amepooza upande wa kulia na ulimi hausemi. Alisikia kila kitu, ila kujibu hakuweza.

Aliyemtunza pale nyumbani kwa miaka miwili alikuwa mwanamke wa Kigwena, kijiji cha jirani, jina lake Émérance. Alimgeuza, alimlisha uji, alimsafisha haja zote bila kukunja uso.

Mimi nilikuwa na cheti. Miezi mitatu ya huduma ya kwanza kwa masista, basi kichwa kikavimba, nikajiona daktari. Émérance hakujua hata kusoma. Nilimfuata nyuma nikimkosoa, mpaka siku hiyo nikamwambia akae pembeni, leo naogesha mimi.

Sasa, kiunoni pale kulikuwa na kitu kingine. Hirizi.

Feruzi aliletewa na mwalimu mmoja wa dini kutoka Ujiji. Imeshonwa ndani ya ngozi, ifungwe siku arobaini, isivuliwe hata wakati wa kuoga, na mama atasimama. Feruzi alimpenda mama yake kupita kiasi. Hiyo hirizi hakuna aliyethubutu kuigusa.

Kitambaa kilikuwa katikati ya hirizi na mwili wa mgonjwa, kimelowa mawese, kimebadilika rangi. Nilipokivuta, Émérance akanishika mkono.

"Usitoe ile, mama. Acha nikueleze kwanza."

"Utamweleza Feruzi."

Mbele ya Feruzi alinyamaza. Nilisema mimi peke yangu: kidonda kimefichwa, uchafu, uzembe, mama ataoza kitandani. Feruzi akamuuliza kama hicho kidonda alikijua. Akajibu ndiyo. Akaambiwa afunge mizigo yake.

Bi Batuli alilia. Mimi nikadhani ni furaha.

Nikatupa kitambaa, nikaosha kidonda kwa maji moto na sabuni. Nikaona kamba ya hirizi imelegea, nikaikaza vizuri kama Feruzi alivyotaka. Nikajipongeza.

Hiyo ilikuwa Jumanne.

Ile ngozi kila ikilowa maji ya kuoga, ikikauka inajikunja na kubana. Kufika Ijumaa ilikuwa imezama ndani ya nyama, na kidonda kina upana wa kiganja. Bi Batuli alikuwa anaipiga hirizi kwa mkono wake mzima. Anaipiga, halafu ananiangalia.

Hapo ndipo akili ilinijia.

Kidonda kililetwa na hirizi. Émérance alikuwa ameilegeza kwa siri, akaweka kitambaa cha mawese na kukibadilisha asubuhi na jioni, ili isimchubue. Alinyamaza mbele ya Feruzi kwa sababu kujitetea kungekuwa kukiri kwamba ameigusa.

Nilichukua kisu nikaikata. Feruzi alipoingia nikamwambia yote, nikisubiri kofi. Hakunipiga. Alikaa chini sakafuni, akashika miguu ya mama yake.

"Kesho enda umuombe ule mama musamaha," akasema. "Arudi."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, tarehe ishirini na tisa. Asubuhi niliona aibu. Nikasema acha niende Jumapili.

Waliokuwepo wanajua jioni ile ilivyokuwa. Waasi waliingia mjini, watu wakauawa, nyumba zikachomwa. Kisha wakaja askari, na watu wakaendelea kufa. Njia hazikupitika, dawa hatukupata. Bi Batuli alifariki wiki ya pili ya Mei, kwa kile kidonda, nimemshika mikononi.

Mwezi wa nane ndipo nilipofika Kigwena. Nilimkuta mama yake Émérance amekaa peke yake. Nikamwamkia kwa Kirundi, amahoro, nikamweleza mimi ni nani, nikasema nimekuja kumwomba binti yake msamaha.

Akaniuliza:

"Ni weye ule mukamwana? Alikuwa anakuja kwenu. Ile Jumamosi, saa nane ya muchana. Nilimuambia aache, si walikufukuza? Akasema ule mutoto hana ubaya, hajui tu. Mama atateseka. Akasema atakuonyesha kazi, halafu arudi."

Hakufika kwetu. Kwao hakurudi. Hakuna aliyemwona tena mpaka leo.

Ningeamka mapema asubuhi ile, nikameza aibu yangu, ningemkuta nyumbani kwao. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu nimemlea mimi mwenyewe mpaka uzeeni.

Ninyi mnaoajiri watu wa kuwatunza wazazi wenu nyumbani, wakagueni. Ni haki yenu, na mgonjwa asiyeweza kusema anahitaji mtu wa kumwangalia. Lakini ukikuta kidonda, muulize anayemwogesha. Muulize mkiwa wawili, mahali ambapo haogopi kujibu, na umwache amalize.

Mimi nilimkatiza mtu pekee aliyejua mama yetu anaumia wapi. Mmoja nilimzika. Wa pili sijui hata kaburi lake liko wapi, nikamwombe msamaha.