Somo la Maumivu Nililolifuta Ubaoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa kumi na moja kasoro robo jioni, nimevaa viatu vya kisigino na kubeba chaki zangu mwenyewe. Msimamizi wa Ukumbi, mzee mwenye funguo nyingi kiunoni, alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Wewe ndiye wa Kihispania?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Haya. Una dakika arobaini. Wakikusumbua usiniite, mimi mabondia siwawezi."

Akanifungulia mlango. Ndani vijana kumi na wanne walikuwa wanaruka kamba, na hakuna hata mmoja aliyesimama kunisalimia.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, katika ukumbi mmoja wa mtaa upande wa Makadara. Nyinyi walimu wa leo mna simu inayotamka maneno. Mimi nilikuwa na ubao wenye nyufa. Kihispania nilikipata kwa masista wa kutoka Uhispania niliowafanyia ukarani zahanatini kwa miaka sita. Cheti sikuwa nacho. Klabu ya ndondi ilinichukua kwa sababu haikupata mtu mwingine. Vijana wake walikuwa wameanza kualikwa Amerika ya Kusini, na walirudi wakilalamika kwamba huko walikuwa mabubu, hata maji waliyaomba kwa vidole.

Nilianza na michezo, maana ndiyo waliyoijua. Sisi kwa Kiswahili tunacheza kila kitu: mpira, ndondi, karata, hata ngoma. Mhispania hachezi ndondi. Kitenzi chake cha kucheza, jugar, anakiweka kwenye michezo ya mpira: juego al fútbol, nacheza kandanda. Ndondi yeye anaifanya: practico boxeo. Mazoezi nayo yana maneno yake. Corro, nakimbia. Salto la cuerda, naruka kamba. Niliwafundisha wakiwa mazoezini hasa. Kamba ikipita chini ya miguu, neno linatajwa, na anayekosea anapiga pushapu kumi akizihesabu kwa Kihispania. Mbinu hiyo sikufunzwa na chuo chochote. Niligundua tu kwamba bondia ukimkalisha kwenye kiti anasinzia.

Halafu nikawafundisha maamkizi. ¿Cómo estás? Hujambo? Estoy bien, niko salama. Hilo walilipenda mno, kwa kuwa huku Eastlands ukimwuliza kijana "Niaje?" atakujibu "Fiti!" hata kama hajala tangu jana. Walilipigia kelele mpaka wapita njia wakachungulia madirishani.

Mwezi wangu wa tatu kazini nilichora mtu ubaoni, nikaandika majina ya viungo vyake, na kando nikaandika me duele, yaani naumwa. Me duele la mano, mkono unaniuma. Me duele el ojo, jicho linaniuma. Kocha Mkuu, sajini mstaafu ambaye taulo haikuwahi kumtoka begani, akaja akasimama mbele ya ubao.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Ni namna ya kumwambia daktari unaumwa wapi, Kocha."

"Futa."

"Lakini Kocha, huko wanakokwenda daktari hajui..."

"Bondia wangu haumwi. Ukimfundisha kusema anaumwa, ataumwa. Futa hiyo kitu!"

Vijana wakacheka. Nikafuta. Ulimi ninao, wanaonijua watawaambia, ila mkataba wangu ulikuwa ukitiwa sahihi na Kocha huyo huyo kila mwisho wa muhula. Niliogopa. Juma lililofuata nikawafundisha hali ya hewa.

Mwanafunzi wangu bora aliitwa Barasa, kijana wa mtaa wa Jericho, bondia wa uzani mwepesi, mtoto wa mshona nguo mjane. Alipochaguliwa kwenda mashindano huko Amerika ya Kusini, shirika moja lilimwahidi kazi ya kudumu na nyumba akirudi na medali yoyote na afya yake. Aliniambia siku ya mwisho ya darasa, akifungua bendeji za mikono, "Mwalimu, nikipata hiyo kazi, mathe ataacha cherehani. Macho yake yamechoka." Kwa miaka kumi na miwili mama huyo alikuwa akishona kwa taa ya mafuta.

Alirudi na medali ya shaba na jicho la kushoto limefungwa.

Habari nilisimuliwa na wenzake. Pambano la kwanza alilishinda, lakini alipigwa karibu na jicho, na kesho yake akawa anaona kitu cheusi kama pazia kikishuka upande mmoja. Kabla ya pambano la pili daktari wa mashindano alimmulika na kumwuliza kwa Kihispania kama jicho lina shida. Barasa akajibu, "Estoy bien." Daktari hakuridhika, akamwuliza tena. "Estoy bien." Basi akaruhusiwa, akapigana mara mbili zaidi. Madaktari wa hapa nyumbani walipolifungua jicho walisema angewahi, lingeokolewa. Lile shirika lilimpa pole na kumwajiri mtu mwingine.

Nilikwenda Jericho kumwona. Mama yake alinikaribisha chai, akaniita mwalimu kwa heshima zote, na mimi nilishindwa kumtazama usoni. Laiti angenitukana! Nilitoka pale nikijua kwamba nilimtuma mwanawe ng'ambo na jibu moja tu mdomoni.

Kocha hakuligusia jambo hilo hata siku moja. Baadaye nilihamishiwa mtaa wa Bahati, kwa wakimbiaji, na mwishoni Kayole, mtaa ukiwa bado mpya, kwa wacheza mpira. Kote huko me duele niliifundisha wiki ya kwanza. Katibu wa Michezo wa Kayole alinung'unika, "Madam, mbona unaanza na ugonjwa?" Nikamjibu, "Mficha ugonjwa kifo humfichua. Ukitaka kuanza na kitu kingine, shika chaki."

Wiki yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, Barasa alikuja Kayole. Alikuwa fundi wa baiskeli sasa, na mama yake alikuwa angali anashona. Aliketi nyuma ya darasa akasikiliza wacheza mpira wakitaja magoti na vifundo. Walipoondoka nilijikaza nikamwambia nililolibeba miaka yote ile. "Barasa, mimi ndiye niliyekunyima lile neno. Nisamehe."

Alinitazama kwa mshangao. "Ai, mwalimu! Neno nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeshalinakili kabla hujafuta."

"Sasa mbona..."

"Kocha alikuwa amesimama hapo kando. Wenzangu pia. Na kazi ilikuwa inaningoja huku. Daktari hata angeniuliza kwa Kibukusu chetu cha nyumbani, kwa sauti ya mama mwenyewe, ningemwambia niko sawa."

Niliketi kwenye dawati la mwanafunzi. Miaka yote niliyofundisha nilidhani kazi ni kumpa mtu maneno, basi. Nyinyi mnaoshika chaki sasa, fundisheni maneno, hiyo ndiyo kazi mliyoajiriwa. Lakini mtazameni pia mtu anayesimama kando ya mwanafunzi anapojibu, maana huyo anaweza kumfunga kinywa hata mwenye msamiati wa kutosha.

Jioni ile sikuwa na hekima hiyo. Nilichoweza ni kumwuliza swali ambalo, kwa haya zangu, sikuwahi kumwuliza.

"Na siku hizi, jicho linauma?"

Alitazama mlangoni kwanza. Hapakuwa na mtu.

"Linauma, mwalimu," alisema. "Linauma sana."