Wingu la Juu

Asubuhi ile nilirusha puto la kituo chetu cha hali ya hewa kama kawaida. Chini yake huning'inia kifaa kidogo kinachopima joto na unyevu kadiri kinavyopanda, na kutuma vipimo kwa redio. Mimi hukaa ndani nikivisoma. Unyevu ukijaa ghafla, najua kifaa kimeingia winguni, ukipungua, kimetoka. Hivyo ndivyo ninavyokadiria wingu limeanzia wapi na limeishia wapi, hata nisipoliona.

Nje, anga la Kisumu lilikuwa na utando mwembamba tu, wa kumfanya mtu aanike nguo bila wasiwasi. Lakini vipimo vilisema mengine. Juu ya utando ule kulikuwa na hewa kavu kidogo, kisha wingu jingine, nene, lililopanda mpaka kwenye baridi ya barafu. Nikaandika onyo la dhoruba kwa wanaovuka ziwa.

Mkubwa wa kituo alilisoma, akaenda dirishani.

"Mama, hilo wingu liko wapi?"

"Halionekani, Mzee. La chini limelifunika."

"Juzi tulitangaza dhoruba, jua likawaka. Watu walitucheka. Andika mvua nyepesi."

Nilibisha. Akachukua kalamu akaandika mwenyewe, na redio ikasoma alichoandika.

Dada yangu mkubwa alikuwa Port Victoria, kando ya ziwa hilo hilo, na mumewe. Walikuwa wakinunua samaki visiwani na kuwauza bara. Nilimpigia simu papo hapo.

"Leo msivuke, dada. Kuna dhoruba."

"Redio imesema mvua nyepesi."

"Achana na redio."

Akacheka kidogo. "Nyamera, redio si ni nyinyi? Kama nyinyi wenyewe hamjiamini, sisi tumwamini nani?"

Nilianza kumweleza habari ya wingu la juu. Injini ya boti ikaunguruma, akasema tutaongea akirudi.

Dhoruba iliwakuta wao na abiria wenzao katikati ya maji. Dada aliokolewa na wavuvi, ameshikilia dumu tupu la mafuta. Shemeji alipatikana baadaye, ufuoni, upande ambao hawakuwa wakienda kabisa.

Mkubwa wangu alikuja mazishini. Alivaa suti nyeusi, akapewa nafasi ya kusema. Alisema binadamu hawezi kushindana na kazi ya Mungu. Watu wakaitikia amina. Nilikuwa nimeketi nyuma ya dada, namwona akitikisa kichwa polepole, nikadhani ameelewa kwamba mimi nilijaribu.

Jioni, wageni walipopungua, dada aliniita jikoni.

"Ile siku ulijua?"

"Nilijua."

"Na huyu aliyezungumza leo, alijua?"

"Nilimwambia."

Akapangusa sufuria ambayo tayari ilikuwa kavu. "Basi mlikuwa na maneno mawili," akasema. "Moja la redio, moja la ndugu. Wengine waliokuwa kwenye ile boti hawakuwa na ndugu huko kwenu."

 

Mkubwa alipandishwa cheo, akahamia Nairobi. Dada aliacha ziwa. Sasa anauza nyanya sokoni Mamboleo, hapa Kisumu. Nikipita, ananiwekea za kwangu kwenye mfuko, ananiuliza habari za watoto. Habari ya mvua haniulizi. Wingu likitanda, huwauliza wauzaji wenzake kama afunike meza, nami nimesimama pale pale mbele yake.