Bi Sentimita na Washenzi wa Kilimani

Wateja walimwita Bi Sentimita, na jina hilo halikumkera hata kidogo. Katika miaka ishirini na miwili ya kushona nguo za kike, katika duka dogo la mbele ya nyumba yake, hakuwahi kumkadiria mtu kwa macho. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alipokuja kuagiza pazia akasema dirisha lake ni "kama mita moja hivi", alirudishwa nyumbani akapime upya.

"Kama mita moja hivi ni kipimo cha kamba ya mbuzi, shemeji," alimwambia. "Dirisha lina namba zake."

Basi mwanamke huyu makini ndiye aliyepanda stuli yenye mguu mbovu, akiujua ubovu wake, ili afute vumbi juu ya kabati la vitambaa. Stuli ikaenda zake, naye akaenda zake. Daktari akamfunga plasta kutoka vidoleni hadi gotini: wiki sita, mguu juu ya mto, na cherehani ya kukanyaga asiiguse.

Siku ya tatu alikuwa ameshakaza vifungo vyote mle ndani kwa sindano ya mkono, vikiwemo vya sare ya mumewe, naye akiwa ameivaa. Mume alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda cha sabuni, mtu mpole wa maneno machache. Asubuhi hiyo alimpigia mdogo wake simu akiwa amejificha bafuni.

"Mletee chochote cha kumshughulisha. Chochote. Nimechomwa sindano mara mbili."

Shemeji alikuwa fundi wa kompyuta. Akaja na kompyuta kuukuu ambayo mteja wake mmoja hakuwahi kurudi kuichukua, akaiweka kwenye meza ya kukatia vitambaa.

"Huu ni mchezo wa kujenga dola, shemeji. Unaanza na mji mmoja. Unacheza zamu yako, ukimaliza unabonyeza hapa, na wengine nao wanacheza zao."

"Na nisipobonyeza?"

"Hakitokei kitu. Dunia nzima inakusubiri wewe."

Bi Sentimita aliipenda dunia hiyo papo hapo.

Alianza kwa kujenga ghala la nafaka, kisha kisima, kisha akaanza shule. Askari alikuwa naye mmoja tu, mzee wa rungu, akamtuma kwenda kutazama mandhari. Zamu ya kumi na mbili akatokea mtu mwekundu peke yake, akauzunguka mji polepole. Bi Sentimita akafurahi. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Akamwacha atembee atakavyo, akatazame na kisima. Yule mtu alipomaliza matembezi akatimua mbio kurudi kilimani alikotoka, na zamu tatu baadaye akarudi na wenzake saba. Wakachoma mashamba, wakabomoa shule iliyokuwa imefika nusu, kisha wakauteka mji wenyewe.

Mumewe aliporudi kutoka kazini alimkuta kashika tama.

"Wamenichomea shule," alisema.

"Nani?"

"Washenzi! Ndivyo wanavyoitwa humu, sijawatukana mimi. Hawana mfalme, hawana mji, wala hawana salamu. Wamepiga kambi kilimani na kazi yao ni kuharibu."

Mume akavua kofia, akaomba aonyeshwe ilivyokuwa. Bi Sentimita akaanza mji mpya. Mtu mwekundu alipojitokeza tena, mlinzi wa kiwanda akainamia kioo kama anayekagua kitambulisho.

"Mke wangu, huyu si mgeni. Mgeni hazunguki nyumba mara mbili bila kupiga hodi. Huyu anahesabu milango."

"Sasa nifanyeje?"

"Asirudi kwao. Akirudi kusimulia, umekwisha."

Wakamfukuza yule mpelelezi. Lakini mzee wa rungu alikuwa na magoti ya uzee na mpelelezi alikuwa na miguu ya swala, akawaponyoka. Mji ukaanguka mara ya pili, watu wawili wakiutazama.

Kuanzia hapo mume akakabidhiwa ulinzi, na hapo ndipo nyumba ilipoingia mgogoro. Mtu aliyezoea lango moja hutaka kila kitu kiwe lango. Aliweka warusha mawe sita, wenye mikuki wanne na mbwa wawili. Ghala halikujengwa. Zamu ya thelathini mji ulikuwa bado una nyumba moja, na raia wake, kwa mujibu wa kompyuta, walikuwa na njaa na hasira.

"Huu si mji, ni zamu ya usiku," alisema Bi Sentimita. "Unamlinda nani? Wanalindana wenyewe kwa wenyewe!"

"Lakini hawajavamiwa."

"Waje wavamie nini? Hakuna hata sufuria!"

Baada ya chakula ndipo Bi Sentimita alipochukua chaki na futi yake, akachora kilima na mto kwenye karatasi ya kukatia mitindo, akapima. Kutoka kambini hadi mjini palikuwa na njia moja tu isiyo na msitu, na njia hiyo ilipita kwenye kivuko. Mrusha mawe mmoja juu ya mwinuko, mkuki mmoja kivukoni, basi. Waliobaki wakajenge ghala.

"Mmoja tu?" mume aliuliza kwa sauti ya mtu anayenyang'anywa mbwa wake.

"Kwani kiwandani mko wangapi langoni?"

Mume alikuwa peke yake miaka kumi na minane.

Kesho yake alasiri mume alikuwa kazini, na mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo, ndani ya suti iliyoshikwa na pini arobaini na yenye mkono mmoja. Bi Sentimita akaona wasaa wa kubonyeza zamu moja tu. Washenzi watano wakatoka msituni, si kivukoni.

"Wanakuja!" akapiga ukelele. "Mama yangu, wameingia kwa nyuma! Wana mashoka!"

Pazia likaruka. Mwalimu mkuu, mwanamke wa kilo tisini na heshima zake, alikata mtaa na pini zake akilia "Wezi! Wezi wa mashoka!" Hazikupita dakika tatu, fundi wa kuchomelea akaingia na bomba la chuma, muuzaji wa duka la dawa na fagio, na mwalimu mwenyewe nyuma yao akiwa ameshika kengele ya shule, Mungu anajua aliipata wapi.

Walimkuta mwanamke mmoja, mguu juu ya mto, akiinamia kioo.

"Wako wapi?" fundi alihema.

Bi Sentimita alitamani plasta impande hadi usoni. "Hapa," alisema kwa sauti ndogo, akaonyesha kwa kidole. "Wale wekundu."

Fundi akashusha bomba. Akasogea. Akakodoa macho.

"Sasa huyo wa mkuki unamweka pale anafanya nini? Mrudishe mjini!"

"Asirudi!" mwalimu mkuu akadakia. "Watano wote wameshatoka. Kambini kabaki nani? Mpeleke yule mzee wa rungu akaichome."

"Magoti yake, mwalimu..." alisema Bi Sentimita.

"Atafika. Mtoto wa mwisho darasani naye hufika."

Mrusha mawe alishuka kuulinda mji. Alikufa zamu ya pili, na muuzaji wa dawa akasema pole. Ghala liliungua nusu. Mzee wa rungu akapanda kilima zamu nne, akichechemea, watu wanne wakiwa wamemshikia pumzi, akaikuta kambi tupu, akaichoma. Washenzi, wasio na pa kurudi, wakatawanyika porini. Mwalimu mkuu akapiga kengele kwa nguvu hadi pini mbili zikamchoma kwapani.

Mume aliporudi na kusimuliwa alikaa kitako. Hakucheka. Aliuliza tu kwa nini hakuitwa, kiwanda ni dakika kumi kwa baiskeli.

Siku hizi plasta imetoka na cherehani inakanyagwa kama zamani. Jumamosi mchana duka hufungwa, na dola yao ina miji minne. Juzi waligombana kuhusu zizi la farasi: mume analitaka mpakani, mke anasema harufu itafika shuleni.